Ufa Uliopakwa Rangi

Mwanakheri aliutupa mguu wa jiko la chuma mkekani, kando ya sahani ya mwanawe. "Huu nani kauchomelea?"

"Mimi, mama. Niache nile."

"Niliona ufa kama unywele, ukasema si kitu, ukapaka rangi. Leo mguu wa jiko umekatika; tazama uji ulivyonibabua miguu!"

"Pole. Nitauchomelea tena," alisema Makame, akicheka.

"Na ile nguzo ya mtambo wenu wa gesi, kule baharini? Si ulinambia nayo ina ufa, mkaupaka rangi? Mawimbi yanaitikisa kila siku. Chuma nacho huchoka! Toka lini rangi ikashika chuma? Na juu yake wapo watu arobaini!"

Makame aliliacha tonge. Akatoa simu, akatafuta jina la msimamizi. Kidole kikasimama juu yake, ukucha ungali na rangi ya manjano ya ile nguzo.