Timu ya Parfait

Uwanja wa kijani ulitokea kwenye skrini, wachezaji wakajipanga, kisha kila kitu kikaganda. Chini yakajitokeza maneno ambayo Nzigire aliyaogopa kuliko maofisa wa forodha: mchezaji wa pili hapatikani.

Akaufunga mchezo, akaufungua. Ukaganda palepale. Alikuwa amejifungia chumbani alasiri ile, kompyuta ya betri ya kaka yake iko mapajani. Sebuleni baba yake, Mzee Mulume, alikwishaketi mbele ya kompyuta yake ya mezani, manette ya kuchezea mkononi, akimngoja mwanawe Parfait waanze mechi.

Na Parfait alikuwa kaburini, ng'ambo ya mto, Bukavu.

Pikipiki ndiyo iliyomuua. Daktari alikuwa ameonya kwamba moyo wa Mzee haustahimili mshtuko, basi ndugu wakakubaliana asiambiwe mpaka apate nafuu. Siku ya mazishi Nzigire alivuka mpaka kwenye daraja la Rusizi I na beseni lake kichwani, kama mfanyabiashara aendaye sokoni, akamzika kaka yake, akarudi nyumbani Kamembe, upande wa Rwanda, na kompyuta ya marehemu ndani ya beseni, imefunikwa kitenge. Tangu siku hiyo, akilia jikoni husingizia moshi wa makaa.

Lakini uongo ni kama mtoto mchanga, ukishauzaa huna budi kuulea. Baba na mwana walikuwa na desturi ya kucheza mpira kila alasiri, kila mmoja upande wake wa mto. Parfait ndiye aliyezitengeneza kompyuta zote mbili. Zilikuwa kuukuu, Windows imezilemea, akaing'oa akaweka Linux, kisha akaongeza programu inayojifanya konsoli, ile mashine ya michezo, ili mchezo wao wa zamani ukubali kufunguka.

"Tunaudanganya tu," alimwambia dada yake akicheka. "Mchezo unawaza uko ndani ya konsoli yake."

Ikambidi Nzigire naye ajifunze kudanganya. Siku za mwanzo wachezaji wake walikimbia ovyo kama kuku waliotupiwa jiwe. Polepole akajua pasi, akajua kona, na akajua hasa namna ya kushindwa, kwa maana kila siku alihakikisha Mzee ndiye anayeshinda. Furaha ni dawa, alijiambia. Jambo moja lilimpa nafuu: Mzee hakuomba hata mara moja apigiwe Parfait simu. Mchezo ulimtosha, na Nzigire alimshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa yote yalikuwa yanaharibika, na kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi kompyuta ilikuwa imeomba ruhusa ya kujisasisha, naye, kwa kiherehere, akakubali. Maji yakimwagika hayazoleki. Parfait asipoonekana uwanjani leo, Mzee atauliza. Akiuliza, simu itatafutwa. Na simu ya Parfait ilizikwa naye.

Ndipo sauti ya Mzee ikapenya ukutani.

"Ee, Parfait. Goli ya kwanza, na mie sijakaa hata muzuri."

Nzigire akaacha kubonyeza. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imenyamaza, kila neno lilimfikia waziwazi. Mzee anacheza na nani? Alilipindua swali hilo huku na huku akapata jibu moja tu: mawasiliano yamekatika, na kompyuta ya sebuleni imeichukua yenyewe timu ya Parfait.

"Ya pili hiyo. Wee mutoto, hauna huruma?"

Kompyuta haina huruma, ndiyo. Haina baba, wala haijui habari za moyo wa mtu. Nzigire alijaribu kuunganisha upya, mara hii, mara ile, na kila mara skrini ilimjibu yale yale. Alikuwa amemficha baba yake kifo cha mwanawe asije akafa kwa huzuni, kumbe atakufa kwa kufungwa magoli.

"Ya tatu," Mzee akapaza sauti, tena akikohoa. "Mutoto huyu atanimaliza."

Basi. Nzigire akaiweka kompyuta kitandani, akasimama. Ataizima ile ya sebuleni, atapiga magoti mbele ya baba yake, atamwambia kila kitu. Afadhali augue kwa ukweli kuliko kuuawa na mashine. Aliuzungusha ufunguo taratibu, akaufungua mlango kiasi cha jicho.

Mzee alikuwa amempa mgongo. Mbele yake alisimama Mwavita, jirani mwenye kuuza samaki wadogo wa sambaza, ambaye huingia kwa mlango wa nyuma bila hodi. Alikuwa bado na beseni lake la samaki kiunoni, akimtazama Mzee kwa mashaka.

"Mzee," Mwavita akauliza akiionyesha kompyuta kwa kidole, "courant ya umeme imeenda tangu zamani, ordinateur imezima. Uko unacheza na nani?"

"Ongea polepole, maman," Mzee akanong'ona. "Nzigire asisikie. Anawaza mie sijui kaka yake alikufaka. Parfait hakuniachaka nishinde hata siku moja. Mara ya kwanza nilishinda, nikajua ni nani iko anacheza, na nikajua juu ya nini anafanya vile. Muache tu awaze bado tuko tunacheza. Ni saa hii moja ndiyo anaachaka kulia."

Kisha akaiinua manette mbele ya skrini nyeusi, akapaza sauti ili ifike hadi chumbani:

"Ya ine, Parfait. Ya ine."