Muhanga na Shimo la Bondeni

Alikuwapo Muhanga mmoja aliyekuwa hoi kwa kutafuta shimo la kununua. Masika yalikaribia, na mkewe alikuwa mjamzito. Kicheche, dalali mwenye maneno matamu, akamfikisha bondeni penye shimo la udongo laini, bei ya kutupa.

"Lipia leo, mzee wangu. Wateja wengine wako njiani."

Muhanga alitaka kulala tu, nusura akubali. Hata hivyo akamwuliza Chura, aliyejifukia jirani kwenye udongo mkavu wa kiangazi: "Panakalika hapa?"

"Hakuna kama hapa. Watoto wangu wote wamekulia hapo mlangoni."

"Umesikia mwenyewe," Kicheche akasema.

"Nimesikia," akajibu Muhanga, akigeuza miguu yake mizito. "Ila wangu hawajui kuogelea."