Hukumu ya Daktari Prosesa

Kwa mara ya nne wiki ile, mteja aliichukua laptop ile ile ya bei ya chini, akaigeuza na kuikagua tumboni kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akairudisha kwenye kabati la kioo.

"Kwa hiyo bosi," aliuliza, "hii yenye prosesa ya zamani na hizo mpya, tofauti yake hasa ni nini?"

Mwenye duka aliuma meno, akatabasamu kibiashara. Alikuwa ameshampachika mtu huyu jina la Bwana Kuuliza. Shati limepigwa pasi na kufungwa vifungo hadi shingoni, daftari kwapani, na mfukoni, kwa makadirio ya mwenye duka, upepo mtupu.

Ila mteja ni mteja, na kwenye rafu zilibaki laptop tatu za aina ya zamani zilizokataa kutoka. Dunia nzima watengenezaji walikuwa wanahamia prosesa mpya. Mpya hazipati moto, hazina feni, na betri inashinda siku nzima. Za zamani zilishachungulia kaburi. Mwenye duka alilijua hilo kuliko yeyote. Oda yake ya laptop mpya arobaini ilikuwa imeandikwa tayari, inangoja kulipiwa tu.

"Mzee wangu, nisikudanganye," alisema, akajiweka sawa kudanganya. "Hizo mpya ni matangazo tu. Programu zako zote za ofisini zitagoma. Halafu huko kutopata moto ndiko kunanitia wasiwasi. Mashine inayofanya kazi kweli haitoki jasho? Na nikunong'oneze: haipiti miaka miwili, viwanda vitarudi kwenye hizi za zamani. Wajanja wananunua sasa."

"Vitarudi?" Kalamu ilikuwa inakimbia daftarini.

"Kabisa. Nina mtu wangu huko ndani."

Hakuwa na mtu ndani wala nje. Bwana Kuuliza alishukuru, akaahidi kupita tena, akaondoka bila kununua hata kipanya.

"Yule ni ofisa wa kodi," mkewe alisema kutoka nyuma ya mashine ya kutoa kopi. "Mnunuzi gani anaandika kila neno? Huo mdomo wako utatuponza."

"Ofisa wa kodi angevaa viatu vya maana."

Mke aliguna. Hakuwa akiamini neno la mumewe tangu alipojaza duka kava za simu ambayo haikuwahi kutengenezwa. Mtu aliyemwamini alikuwa mmoja tu, Daktari Prosesa, aliyeandika mtandaoni kila Jumapili na kusomwa na maelfu. "Msomi yule," alizoea kusema. "Hata sura yake haonyeshi, si kama hawa wapenda sifa."

Na hapo ndipo oda ilipokwama. Fedha ya kuilipia ingetoka kwenye kuuza kiwanja cha mke, alichoachiwa na marehemu mama yake, ambapo siku moja wangejenga na kuvihama vile vyumba viwili vya nyuma ya duka. Mzigo ukitoka vizuri, wangenunua kingine na kujenga. Usipotoka, wangezeekea humo humo, wakinuka wino wa printa.

"Sitii saini mpaka Daktari aseme," mke alishikilia. "Akisema mpya, mpya. Akisema za zamani, za zamani."

Jumapili asubuhi Daktari alisema. Walisoma pamoja kwenye simu moja, vichwa vimegusana. *Usikurupukie Prosesa Mpya.* Programu za ofisini zitagoma. Kutopata moto ni jambo la kutiliwa shaka. Na kwa mujibu wa vyanzo vya kuaminika vilivyo ndani ya viwanda, watengenezaji watarudi kwenye aina ya zamani kabla ya miaka miwili kwisha.

Mwenye duka alirudia kusoma toka mwanzo. Kumbe! Siku zote hizo alidhani anadanganya, kumbe alikuwa anasema kweli bila kujijua. Aliona aibu kidogo kwa kujidharau kiasi kile.

"Unaona? Mimi haya haya niliyasema tangu Ijumaa!"

"Wewe ulikuwa unabahatisha," mke alisema. "Mwenzio ana vyanzo."

Jumatatu kiwanja kiliuzwa. Mke alilia kidogo kwenye kutia saini, akajifuta kwa ncha ya khanga. Oda ya laptop mpya arobaini ilichanwa, ikaandikwa nyingine: laptop sitini za prosesa ya zamani. Muuzaji wa jumla alizitoa kwa bei ya kutupa, akabeba usafiri mwenyewe, akasisitiza mara tatu kwamba mzigo ukishatoka haurudi. Alipakia maboksi huku akipiga mluzi. Mwenye duka alimwonea huruma kwa ujinga wake.

Jumatano maboksi yalikuwa yamepangwa hadi kugusa dari, na ndani ya duka mtu alipita kiubavu. Bwana Kuuliza naye akapita kiubavu, daftari kwapani, akamwamkia mke kwa adabu.

"Mzee wangu!" Mwenye duka alifungua mikono. "Hatimaye! Leo tukufungie ngapi?"

"Hapana bosi, mimi kompyuta hata kuiwasha sijui, simu hii inanitosha. Nimepita tu kukushukuru. Makala ile ya Jumapili imesomwa kuliko zote nilizowahi kuandika." Akafungua ukurasa mpya, akaichomoa kalamu. "Sasa wasomaji wangu wananisumbua na printa. Hebu nieleze, nzuri ni ipi?"