Muuguzaji wa Mzee Asajile

Mzee Asajile aliufumba mdomo. Tulinagwe akangoja, kijiko cha uji mkononi, hana haraka yoyote. Njaa haijui kiburi; mdomo ukafunguka wenyewe. Chozi likamtoka mzee, likateremka mpaka sikioni.

"Jamani, anakushukuru," alisema Nesi Neema, akipita na dawa zake.

Tulinagwe alimfuta mzee chozi kwa ncha ya kanga. Alikuja hospitalini kulipiza kisasi, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Sumu ni ya watu wenye haraka. Yeye alitaka mzee aishi, tena aishi sana, na akili zake timamu. Na zilikuwa timamu. Pikipiki iliyomgonga kwenye barabara ya Itungi ilimvunja uti wa mgongo, ikamjeruhi kichwa na kumnyang'anya kauli, ikamwachia macho, masikio na mkono wa kulia. Mungu naye ana mipango yake.

Miaka sita nyuma, Lugano, mtoto wa kiume wa mzee, alipofariki ghafla, mzee alimjua mchawi hata kabla matanga hayajaanuliwa. Alisimama kule migombani, hakukanyaga kizingiti, akawaamuru vijana watoe nje godoro la Tulinagwe, sufuria zake na mwanawe mchanga, mvua ya Aprili ikiwamwagikia. "Aliyemla mwanangu asilale kwangu!" alipaza sauti, na kijiji kizima cha Ikolo kikasikia. Tangu siku ile Tulinagwe alilima mpunga wa watu huko Ndandalo, na uchawi wa kusingiziwa ukamfuata mpaka kanisani.

Ajali ilipotokea, Queen, binti wa mzee, alipiga simu kutoka Dar, akalia sana, na hakuja. Tulinagwe alikuja. Alifika na ndoo, kitambaa na kipande cha sabuni, akaanza kumwogesha mzee, kumnyoa, kumbadilisha nguo. Manesi wenyewe hawatoshi. Nani angemuuliza maswali? Wodini wakaamua wenyewe kwamba ni mke mdogo, wakamsifu mpaka akaona haya.

Tatizo lilikuwa Leonce. Kijana wa Bukoba, mtafiti wa majeruhi wa ajali, mpole kupita kiasi, mwenye imani kwamba wagonjwa na wanaowauguza wana la kumfundisha. Kila wiki aliwakusanya wodini waseme wao wenyewe utafiti uchunguze nini.

Kikao cha kwanza kilivurugika mapema. Mzee mmoja alisukumwa ndani kwa kiti cha magurudumu, na dada mmoja aitwaye Elizabeth, aliyekuwa anamuuguza mumewe, akajifunika kanga uso mzima, akatimua mbio. Leonce alidhani ameumwa na nyuki.

"Baba mkwe wake huyo!" alicheka Hezroni, dereva wa lori aliyetundikwa mguu. "Sisi Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani, wala hawasemezani. Vijana siku hizi wanapuuza, lakini wazee bado. Mzee wa zamani akiguswa na mkwewe, ni kama umemvua nguo sokoni. Wapange mbalimbali, mwanangu."

Leonce aliomba radhi kwa wote, akapanga viti upya.

Leo amekuja na balaa jingine: picha.

"Wasioweza kusema, nao waseme," alitangaza. Akazipanga kadi mbele ya mzee moja moja: sahani, dawa, kitanda, mwanamke, mlango. "Shikamoo, mzee. Unataka nini kuliko vyote? Nionyeshe."

Tulinagwe alizitazama kadi. Miaka yote hiyo ya kungoja, leo mchoro wa penseli umtoe wodini kabla hajamaliza! Alikuwa bado hajashiba. Alimchukia mzee huyu leo kama siku ile ya mvua, na alitaka kesho pia, na keshokutwa.

Mkono wa mzee ukanyanyuka, ukaangukia picha ya mwanamke. Kisha ya mlango. Mwanamke, mlango. Mwanamke, mlango. Akaupiga mlango mpaka kadi ikaanguka sakafuni, macho yamemtoka.

Leonce alivua miwani, akaifuta.

"Anataka kutoka hapa arudi nyumbani," alisema. "Pamoja na wewe, mama."

Pumzi zikamrudia Tulinagwe.

"Ndaga, asante daktari. Nitakwenda naye. Nitamtunza mpaka mwisho."

Mzee alikoroma, akatikisa kichwa kushoto na kulia. Wagonjwa wakasema ni furaha, imemzidi.

Leonce aliandika haraka haraka. Matakwa ya mgonjwa yalikuwa yameingia kwenye utafiti, na alikuwa hajawahi kupata kitu kizuri namna hii.

"Wakubwa wangu wanakuja kutoka Mbeya," alisema. "Nataka wakusikie wewe, uwaeleze maana ya kumuuguza mtu kwa upendo. Nikutambulishe kama mke wa Mzee Asajile?"

Tulinagwe aliivuta ndoo, akakikamua kitambaa, akamshusha mzee shuka taratibu kama afanyavyo kila asubuhi. Sasa hakuwa na hofu tena. Alitaka wodi nzima isikie, na mzee asikie kuliko wote.

"Hapana, daktari," alisema. "Mume wangu alikuwa Lugano, mwanawe."