Madole Arobaini

Bwana Rogers alinyoosha mikono juu ya beseni, Filomena akammwagia maji bila kumtazama usoni. Hakuwa amemwamkia. Mwanamume wa miaka hamsini, mbele ya bibi wa sabini, na shikamoo imemshinda.

"Hawa watu wa mlimani ni kama perege wa bwawani," alimwambia karani wake, kwa sauti ya kawaida tu, kana kwamba anayemnawisha ni mtungi. "Usihangaike na chambo kizuri. Hata nyungunyungu mfu anatosha."

Karani akacheka. Filomena akampa taulo.

Mwaka ule viwanda vya mjini Morogoro vilikuwa vinauzwa kama mitumba, na Bwana Rogers, aliyekuwa bosi wa kimoja, alikuwa amejipatia jina jipya: mwekezaji. Sasa alitaka kilima kizima juu ya kijiji cha Kinole, pamoja na mdalasini wake, pilipili manga yake na makaburi yake. Angetoa mabati ya shule, na redio kwa kila mwenye shamba atakayetia dole gumba kwenye karatasi ya kuuza.

"Wenye mashamba ni akina nani?" aliuliza huku akitafuna.

Filomena akamtajia polepole, karani akiandika. Laurenti, mumewe. Saidi. Hamisi. Oscar. Hivyo hivyo mpaka arobaini. Hakutaja mwanamke hata mmoja, na Bwana Rogers hakuuliza. Kwake mwanamke alikuwa mtu wa kushika beseni.

"Ila mabati yapigwe kwanza," Filomena alisema. "Wanaume wa hapa wakaidi. Wakiona paa linang'aa, watatia dole."

Mwalimu Hosiana, aliyeletwa kutoka Moshi mwezi uliopita na kupewa chumba nyumbani kwa Filomena, alimfuata jikoni.

"Bibi, hicho ni chambo. Kwetu mtu akiuza kihamba, shamba la baba zake, hata mbwa wake hamfuati."

"Darasa lako linavuja?"

"Linavuja, lakini bibi..."

"Na la jirani?"

"Nalo."

Filomena akarudi barazani, akaomba mabati ya darasa la jirani. Akapewa, na kicheko juu yake.

Basi mapaa mawili yakang'aa. Wanaume wakapanga foleni, wakatia dole mmoja mmoja. Laurenti alirudi na redio kwapani, kidole kimekuwa zambarau, akaiweka redio nyuma ya mlango, chini ya jembe alilokuja nalo siku ya ndoa.

"Tayari, mke wangu," alisema. "Inashika mpaka taarifa ya habari."

Hosiana alisukuma sahani yake, akatoka nje. Tangu siku hiyo alimwamkia Filomena kwa midomo tu, macho yako ukutani.

Baada ya mavuno Bwana Rogers alipanda tena, na wapima ardhi, na vigingi vya chuma. Aliwakuta Filomena na wanawake wenzake wameketi mpakani, wanapukuchua pilipili manga. Safari hii shikamoo ilitoka.

"Marahaba. Vigingi vya nini, baba?"

"Vya kilima changu. Wanaume wenu arobaini wameniuzia." Akaikunjua karatasi mbele yake.

Filomena aliipitia bila haraka, dole baada ya dole. Huko bondeni wanafunzi wa Hosiana walikuwa wanaimba tatu mara tatu chini ya bati jipya.

"Ndiyo, ni wao," alisema. "Wote hawa walikuja hapa kuoa. Kwetu ardhi inatoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwanamume anakuja na jembe lake. Majembe yako nyuma ya milango, baba. Hayo umeuziwa halali, kayachukue."