Meno Yanayofupika

Sheria inataka kila zimwi la katuni lipungue mtoto anapoogopa. Bangili mkononi mwake inahisi moyo ukienda mbio, na papo hapo kwenye televisheni meno ya zimwi yanafupika. Mchoraji wa meno hayo ni mimi. Nilijivunia, mjinga mimi, kwamba hakuna mtoto aliyewahi kulia kwa sababu yangu.

Jana mbwa wa jirani alikata mnyororo, akaingia uani kwetu akinguruma. Binti yangu Tunu, wa miaka sita, hakukimbia. Alimnyooshea mkono wenye bangili, akasubiri. Nilipotoka jikoni, nilikuwa nimeshachelewa.

Hospitalini, muuguzi akimfunga bendeji, Tunu alinitazama kama vile kosa ni lake.

"Niliogopa, mama. Nikaogopa zaidi. Mbona hakupungua?"