Skrubu Iliyobaki

Asubuhi kompyuta ya Bi Zamzam, fundi wa kushona, ilijifunga, ikidai leseni mpya, na vipimo vya sare za shule nzima vimo ndani. Shule inafunguliwa Jumatatu.

"Nikuwekee mfumo wa bure, shangazi," alisema Ngeti, fundi kompyuta. "Huu unaufungua ukaona hata utumbo wake. Ila ukigoma, hakuna kampuni ya kuipigia simu."

Bi Zamzam alikaa, akasimama. Aliitazama cherehani yake, ambayo aliwahi kuifungua mwenyewe. Siku ile alipoifunga tena, skrubu moja ilibaki nje. Bado anatembea nayo mfukoni, na cherehani inashona.

"Na vipimo vyangu?"

"Vingi vitahama."

"Vingi!"

Kidole cha Ngeti kilikuwa juu ya kitufe. "Niendelee?"

Bi Zamzam aliitoa skrubu mfukoni, akaiweka mezani kana kwamba ndiyo itakayojibu. Ikabingirika kuelekea ukingoni. Wote wawili waliitazama, na hakuna aliyenyoosha mkono.